Afya Yako: Damu Inapovuja Ndani ya Mgongo



Mwezi uliopita ukurasa huu ulieleza ugonjwa wa presha. Mwezi huu tunaeleza juu ya dawa za kuzuia damu isigande. Watu wengine huziita dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

Dawa hizi zinaokoa maisha ya watu wengi. Lakini zina hatari zake. Hatari moja ni damu kuvuja ndani ya uti wa mgongo. Jambo hili hutokea mara chache sana. Lakini likitokea, na watu wakichelewa, mgonjwa anaweza kupooza miguu maisha yake yote.

Soma polepole. Kama nyumbani kwenu au kwa jirani yupo mtu anayetumia dawa hizi, msomee na yeye.

KUGANDA KWA DAMU

Ukijikata kwa panga, damu hutoka. Baada ya dakika chache damu huganda, na jeraha huziba. Hii ni kinga ya mwili. Kama damu isingeganda, mtu angeweza kufa kwa jeraha dogo.

Lakini damu ikiganda mahali pasipotakiwa huleta madhara. Ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, mguu huvimba na kuuma. Bonge la damu likikatika na kusafiri mpaka kwenye mapafu, mtu hushindwa kupumua na anaweza kufa ghafla. Bonge likifika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi.

Kwa sababu hiyo, waganga huwapa watu wengine dawa ya kuzuia damu isigande. Watu hao ni hawa:

1. Mtu ambaye damu yake imeganda katika mshipa wa mguu au katika mapafu.

2. Mtu ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio. Katika moyo wa namna hiyo damu huweza kutuama na kuganda.

3. Mtu aliyewekewa mlango wa chuma katika moyo. Moyo una milango minne inayofunguka na kufunga. Mtoto akiugua mafindofindo mara kwa mara bila kutibiwa, anaweza kupata ugonjwa unaoharibu milango hiyo. Mlango ukiharibika sana, waganga hupasua na kuweka mwingine. Zamani wagonjwa wengi wa Tanzania walipelekwa India kwa kazi hiyo. Siku hizi upasuaji wa moyo unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Mtu mwenye mlango wa chuma hutumia dawa hii maisha yake yote.

DAWA ILIYOANZIA KWA NG'OMBE

Dawa ya vidonge inayotumika sana inaitwa warfarin. Wafugaji watapenda kujua habari zake, kwa sababu ilianzia zizini.

Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walianza kufa kwa kutoka damu. Mfugaji akimkata ng'ombe pembe, damu haikukoma. Akimhasi dume, damu ilitoka mpaka dume likafa. Daktari wa mifugo wa Kanada, jina lake Frank Schofield, alichunguza chakula chao. Aliona kwamba ng'ombe hao walikula majani makavu yaliyoota ukungu.

Mwaka 1933 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alisafiri katika theluji mpaka chuo kikuu. Alibeba ng'ombe aliyekufa, majani mabovu, na ndoo ya maziwa yenye damu isiyoganda. Mtaalamu aliyempokea aliitwa Karl Paul Link. Yeye na wenzake walifanya kazi miaka mingi. Mwaka 1939 waliipata ile sumu iliyokuwa ndani ya majani.

Kutokana na sumu hiyo, baadaye walitengeneza warfarin. Kwanza iliuzwa kama sumu ya panya, mwaka 1948. Panya walioila walivuja damu ndani ya mwili wakafa. Mwaka 1954 ilikubaliwa kutibu watu, kwa kipimo kidogo. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya kuugua moyo.

Hapa tunapata somo. Kitu kile kile kinaua panya na kinamponya mtu. Tofauti iko katika kipimo. Kwa hiyo mtu anayetumia warfarin lazima apimwe damu mara kwa mara. Kipimo hicho kinaitwa INR. Kwa wagonjwa wengi namba inayotakiwa ni kati ya 2 na 3. Wengine wenye mlango wa chuma huambiwa namba iwe juu kidogo. Namba ikishuka, damu inaweza kuganda. Namba ikipanda mno, damu inaweza kuvuja.

Siku hizi zipo pia dawa mpya, kama rivaroxaban na apixaban. Hizi hazihitaji kipimo cha INR. Lakini mtu mwenye mlango wa chuma katika moyo asizitumie. Kwake yeye dawa ya vidonge ni warfarin. Na dawa zote hizi, za zamani na mpya, zinaweza kuleta kuvuja kwa damu.

MGONGO ULIVYO

Ukichinja mbuzi na kuupasua uti wa mgongo, utaona mifupa mingi iliyopangana kama pete. Ndani ya tundu la pete hizo imepita kamba nyeupe, laini. Binadamu naye yuko hivyo hivyo.

Kamba hiyo ndiyo inayopeleka habari kutoka ubongo mpaka miguuni, na kutoka miguuni mpaka ubongo. Ubongo ukisema "tembea", habari hupita humo. Ukikanyaga mwiba, habari ya maumivu hupita humo. Hata habari ya kukojoa na ya kwenda choo kikubwa hupita humo.

Damu ikivuja mkononi, mkono huvimba. Ngozi inapanuka, na uvimbe unapata nafasi. Lakini ndani ya mgongo hakuna nafasi. Mfupa haupanuki. Damu inayovuja humo inaibana ile kamba.

Fikiri juu ya mpira wa kupitishia maji. Mtu akiukanyaga, maji hayafiki mwisho. Akiondoa mguu upesi, maji yanapita tena. Kamba ya mgongo ni hivyo pia, lakini kuna tofauti moja kubwa. Kamba ikibanwa kwa muda mrefu inakufa. Ikifa, hairudi.

Damu kuvuja yenyewe ndani ya mgongo ni jambo la nadra. Inakadiriwa kuwa kwa mwaka humpata mtu 1 hivi katika kila watu milioni 1. Lakini katika wagonjwa hao wamo watu wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande.

MAUMIVU YA JEMBE NA MAUMIVU YA HATARI

Watu wa kijijini huumwa mgongo mara kwa mara. Tunalima, tunabeba maji, tunabeba kuni na magunia. Kwa hiyo mtu akisema mgongo unauma, wenzake humwambia: "Ni jembe hilo. Lala, kesho utapona."

Mara nyingi wanasema kweli. Lakini kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, neno hilo linaweza kumfanya apooze. Tujifunze kutofautisha.

Maumivu ya jembe huja polepole. Ukilala yanapungua. Miguu ina nguvu kama kawaida. Unakojoa kama kawaida.

Maumivu ya hatari yana alama hizi:

1. Yanaanza ghafla, na ni makali sana. Huwa mgongoni au shingoni. Pengine huanza baada ya kuanguka, kubeba mzigo au kukohoa. Pengine huanza bila sababu yo yote.

2. Yanashuka mguuni au mkononi, au yanazunguka kifua kama mkanda.

3. Baadaye miguu au mikono inakufa ganzi.

4. Miguu inakosa nguvu. Mtu anajikwaa, au anashindwa kusimama.

5. Mkojo hautoki, au unatoka wenyewe. Choo kikubwa pia.

Usingoje alama zote tano. Mtu anayetumia dawa hizi akipata alama ya kwanza tu, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Akipata alama ya tatu, ya nne au ya tano, hiyo ni hatari kubwa. Aondoke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

HESABU YA SAA

Dawa ya ugonjwa huu mara nyingi ni kupasuliwa. Waganga hufungua mfupa na kuiondoa damu inayoibana kamba. Uchunguzi umeonyesha kuwa wagonjwa waliopasuliwa ndani ya saa 12 tangu alama kuanza walipona vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Na wale waliofika wakiwa bado wanaweza kusogeza miguu walipona vizuri zaidi kuliko waliofika miguu imekwisha kufa.

Sasa tufanye hesabu. Mtu ameanza kuumwa saa 2 usiku. Saa 12 zinakwisha saa 2 asubuhi. Wenzake wakisema, "Tungoje kupambazuke," itakapofika saa 12 asubuhi wamekwisha tumia saa 10. Zimebaki saa 2 tu, na hospitali kubwa bado iko mbali.

Kwa hiyo usingoje kupambazuke. Vijiji vingi viko mbali na hospitali ya rufaa. Pengine saa 12 zitapita mkiwa njiani. Hata hivyo, nendeni. Kufika mapema kiasi fulani ni bora kuliko kuchelewa kabisa.

JINSI YA KUMSAIDIA MGONJWA

1. Mlazeni. Msimkande mgongo, wala msimkanyage. Kukanda kwa nguvu kunaweza kuongeza kuvuja kwa damu.

2. Msimpige chuku wala kumchanja chale. Damu yake haigandi upesi.

3. Msimpe aspirini, diclofenac wala ibuprofen. Dawa hizi za maumivu huongeza kuvuja kwa damu.

4. Mwambieni mwenyekiti wa kitongoji au jirani mwenye chombo. Tafuteni gari. Kama ameanguka, mbebeni akiwa amelala sawa juu ya ubao au kitanda.

5. Chukueni vidonge vyake vyote na kadi yake ya INR. Kama saa ya kumeza dawa imefika mkiwa njiani, asimeze mpaka mganga ameamua.

6. Mkifika zahanati, semeni neno hili kabla ya mengine: "Mgonjwa huyu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgongo umemwuma ghafla."

Neno hilo ni muhimu sana. Mganga asipolisikia, anaweza kudhani ni mgongo wa kawaida. Anaweza kumchoma sindano ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Akilisikia, atapiga simu hospitali na kuandika barua ya rufaa upesi.

Hospitalini watampima INR. Kama anatumia warfarin, watampa vitamini K. Pengine watamtilia maji ya damu yenye vitu vya kugandisha. Watapiga picha ya mgongo kwa mashine ya MRI. Kisha madaktari wa upasuaji wataamua. Kazi ya namna hii hufanyika katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoko Dar es Salaam.

JE, TUIACHE DAWA?

Baada ya kusoma haya, pengine mtu atasema: "Kama dawa ina hatari hivi, naiacha leo."

Ndugu, usiiache. Mtu mwenye mlango wa chuma akiacha dawa, damu inaweza kuganda kwenye mlango huo. Mlango unakwama. Anaweza kufa, au kupata kiharusi. Hatari ya kuacha dawa ni kubwa kuliko hatari ya damu kuvuja mgongoni. Anayeweza kukuambia uache ni mganga anayekutibu.

La kufanya ni kuitumia dawa vizuri. Shika mambo haya:

Kwanza, meza kila siku saa ile ile. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, usimeze mara mbili.

Pili, usikose siku ya kupimwa INR. Nauli ni shida, tunajua. Wekeni akiba ya nauli kama mnavyoweka akiba ya mbegu.

Tatu, usinunue dawa nyingine dukani bila kuuliza. Septrin, metronidazole na fluconazole zinaweza kupandisha INR. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, huishusha. Dawa za miti shamba nazo huweza kubadili nguvu ya warfarin.

Nne, endelea kula mboga za majani. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya warfarin. Lakini usiache mboga. Kula kiasi kile kile kila wiki. Ubaya ni kukaa mwezi mzima bila mboga, kisha kula sufuria nzima kila siku.

Tano, pombe ni hatari. Huharibu kipimo, na mlevi huanguka.

Sita, mwambie kila mganga kwamba unatumia dawa hii. Mwambie kabla ya kung'oa jino. Mwambie kabla ya sindano yo yote, na hasa sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo akina mama wengi huchomwa kabla ya kupasuliwa wakati wa kuzaa. Mwezi wa Desemba 1997, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili. Wagonjwa waliokuwa wakichomwa sindano za kuzuia damu kuganda walichomwa pia sindano ya ganzi mgongoni. Wengine damu ilivuja mgongoni wakapooza.

Saba, mama anayetumia warfarin azungumze na mganga kabla ya kushika mimba. Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mganga anaweza kumbadilishia dawa. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

ALAMA NYINGINE ZA DAMU KUVUJA

Damu huvuja mahali pengine mara nyingi zaidi kuliko mgongoni. Nenda kwa mganga upesi ukiona haya: choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo mwekundu, fizi au pua inayotoka damu bila kukoma, maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au kuanguka na kugonga kichwa.

KUSOMA NI KINGA

Zamani mtu asiyejua kusoma alimeza kidonge bila kujua jina lake. Wewe sasa unajua kusoma. Chukua pakiti ya dawa ya mama yako au ya babu yako. Soma jina. Kama ni WARFARIN, chukua karatasi ngumu. Andika kwa herufi kubwa:

NATUMIA WARFARIN.
DAMU YANGU HAIGANDI UPESI.
NIMEPEWA KWA SABABU YA ........
INR YA MWISHO NI ........ TAREHE ........
MGANGA WANGU NI ........ SIMU ........

Mgonjwa akae nayo mfukoni au katika pindo la khanga kila aendako. Siku akishindwa kusema, karatasi itasema.

MANENO MAPYA

Kuvuja: kutoka kidogo kidogo mahali pasipotakiwa.
Bonge: kipande cha damu iliyoganda.
Kupooza: kukosa nguvu katika kiungo cha mwili.
Nadra: mara chache sana.
Rufaa: kumpeleka mgonjwa kwenye hospitali kubwa zaidi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Maumivu ya jembe na maumivu ya hatari yanatofautianaje?
2. Mtu ameanza kuumwa saa 5 usiku. Saa 12 zinakwisha saa ngapi?
3. Kwa nini mtu mwenye mlango wa chuma katika moyo asiache dawa?
4. Kijijini kwenu, usiku wa manane, nani ana chombo cha kubebea mgonjwa? Namba yake ya simu ni ngapi? Nauli italipwaje?

Swali la nne halina jibu katika gazeti hili. Jibu lake liko kijijini kwenu. Lizungumzeni katika mkutano, mkubaliane, mliandike, mlibandike ukutani katika ofisi ya kijiji. Siku mgonjwa atakapopatikana, hapatakuwa na nafasi ya kuanza kuulizana.

Mwezi ujao tutaeleza juu ya mafindofindo ya watoto, na jinsi ya kuyatibu mapema ili moyo usiharibike.

Mtu ni afya.